Cheti cha Ubovu wa Koti la Mzee Tweve

Subilaga alikuwa ameuza mitumba mtandaoni kwa miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mteja anayerudisha nguo halafu anakataa hela yake. Wateja wa kila namna aliwaona. Kuna dada wa Tunduma aliyerudisha gauni la sendofu likiwa na mchuzi kifuani, akaapa kwa jina la mama yake kwamba lilimfikia hivyohivyo. Kuna kijana aliyetaka kurudisha suruali kwa sababu mchumba aliyemnunulia amemwacha. Hao aliwazoea. Unawasikiliza, unacheka pembeni, unawajibu kwa adabu, mambo yanaisha. Lakini huyu mzee wa Makete, jamani, huyu alimshinda.

"Baba yangu, hebu nisikilize," alisema mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. "Nakurudishia hela yako yote, na nauli ya mzigo juu yake. Koti kaa nalo, livae, mgawie mtu, fanya unavyopenda. Tumalizane kwa amani."

Kwenye kioo Mzee Zabroni Tweve alitikisa kichwa. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, kofia ya sufu imemfunika masikio, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa matofali ya kuchoma na kalenda ya kanisa.

"Sitaki hela, mwanangu."

"Basi nikubadilishie. Ninalo la bluu, zito kuliko hilo, hata kola haijachakaa."

"Sitaki lingine."

"Sasa unataka nini, baba?"

"Nataka uandike kwamba koti ni bovu. Umwandikie Mwamuzi wa soko la mtandaoni, anipe cheti cha ubovu chenye muhuri. Basi, hela kaa nayo."

Kwenye kona ya chumba wifi yake Subilaga, Tusekile, aliyekuwa akishona vifungo kwenye rundo la mashati, aliziba mdomo kwa kiganja. Hao wawili waliuza pamoja. Subilaga ndiye aliyeongea na wateja, Tusekile ndiye aliyewasema wakishakata simu.

"Kosa lake hasa ni nini?" Subilaga aliuliza kwa mara ya nne wiki ile.

"Nimekwisha kueleza. Linatetemeka. Siku tatu za mwanzo linatulia, ya nne linaanza. Mkono wa kulia."

"Lakini baba, uliponirudishia wiki iliyopita nililivaa mimi mwenyewe nusu saa nzima kabla ya kukutumia tena. Video nilikutumia. Lilitulia tuli."

"Kwako lilitulia. Kwangu linatetemeka. Nimelipakia tena kwenye gari la leo." Akakata simu.

"Huyo kalipenda koti la jirani," alisema Tusekile, "anatafuta cheti amwoneshe mkewe kwamba shida ni nguo, si tamaa yake."

"Mwone na wewe. Anakataa hela, wifi! Hela!"

Tusekile akarudi kwenye vifungo vyake, akicheka.

*

Koti lenyewe lilikuwa la kariri. Miaka hiyo nusu ya marobota yaliyoshushwa Mbeya yalikuwa ya nguo za kariri, na kwa nyanda za juu, kwenye baridi inayoingia mpaka kwenye meno, zilinunuliwa kuliko mkate. Uzi wake unajifunza mwili wa mvaaji. Siku tatu unakusoma: unavyokaa, unavyopumua, bega lipi unaliinamisha, saa ngapi mgongo unaanza kuuma. Baada ya hapo unakutangulia. Joto linakuja kabla hujahisi baridi, na kiuno kinashikwa pale panapotaka kushikwa. Kwa sababu uzi unavuta pale mwili unapovuta, kila mwendo wako unaonekana mkubwa kidogo kuliko ulivyo. Mtu anayechechemea kidogo tu, akivaa suruali ya kariri mtaa mzima unajua.

Ubaya wake, nguo haisahau yenyewe. Ukiivaa baada ya mtu mwingine, kwa saa kadhaa unakaa kama yeye alivyokaa. Dawa yake ni mvuke. Robo saa chini ya mvuke mkali na uzi unakuwa mtupu. Ndiyo maana kila muuza mitumba wa kariri alikuwa na desturi moja ya kazi: kitu kikivuka kizingiti, kinaingia kwenye mvuke kabla hata hujakikunjua. Subilaga alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Tena ilikuwa sheria. Wakati kariri zinaanza kuingia nchini, waajiri walinunua nguo kuukuu za wafanyakazi wao, wakawavalisha watu wao wa kuzisoma, wakajua nani ana mimba na nani kifua chake kimeanza kuchoka. Watu wengi walifukuzwa kazi bila kuambiwa kwa nini. Ikatungwa Kanuni ya Mwili: muuzaji haruhusiwi kuvaa nguo ya mteja kabla ya mvuke, na akijua chochote kuhusu mwili wa mteja haruhusiwi kukisema wala kukiandika. Anayevunja hauzi tena. Subilaga aliiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa dada yake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofukuzwa.

*

Koti lilifika Ijumaa saa nne asubuhi, ndani ya mfuko wa salfeti, jina na namba ya simu ya Mzee Tweve vimeandikwa juu kwa maki peni kama mizigo yote ya mabasi. Umeme haukuwepo. Mwaka ule watu walishajenga nyumba mwezini, lakini kwao Uyole, Mbeya, umeme ulikatika Ijumaa kama ulivyokatika enzi za bibi yake Subilaga. Mashine ya mvuke ilikaa kimya kwenye kona. Mvua ilikuwa inapiga bati, chumba kimepoa, na Subilaga alikuwa ametoka kufua.

Alilitoa koti ili aliangalie mishono. Akaona ni zito, kavu, bitana safi. Akalivaa kwa sababu alisikia baridi, hivyo tu, mtu yeyote angefanya. Alikwisha kaa kwenye kigoda na kuvuta sufuria ya karanga za kumenya ndipo akakumbuka kwamba halijapita mvuke.

"Ala!" alisema, akataka kulivua.

Hapo mkono wa kulia ukaanza. Ulikuwa umelala pajani, hauna kazi, na pindo la mkono wa koti likawa linatikisika polepole, bila haraka. Kidole gumba chake kikavutwa kwenye kidole cha shahada, kikarudi, kikavutwa tena, mithili ya mtu anayefikicha maganda ya karanga. Yeye hakuwa anafikicha chochote. Aliuangalia mkono wake, asiuamini.

"Wifi. Wifi, njoo uone. Mimi ni mgonjwa?"

Tusekile aliacha sindano. Waliangalia pamoja. Subilaga alinyoosha mkono, akashika kikombe cha chai, na mtikisiko ukakoma papo hapo. Akakirudisha mezani, akaulaza mkono pajani. Ukaanza tena.

"Livue," alisema Tusekile.

Alilivua. Mkono ukatulia. Tusekile akalivaa yeye, akakaa, akalaza mkono wake mnene pajani, na kidole gumba chake kikaanza kufikicha. Akapiga yowe dogo, akalivua kwa nguvu hadi kifungo kimoja kikadondoka. Wakalitundika kwenye msumari. Pale ukutani lilikaa kama koti lolote.

Subilaga alikuwa amevurugika kabisa. Kama koti ni bovu, mbona wiki iliyopita, baada ya mvuke, lilitulia nusu saa mwilini mwake? Kama ni zima, mbona linatikisika? Na mbona mzee anasema siku tatu? Alizunguka chumba, akalivaa tena, akalivua tena. Tusekile ndiye aliyeanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Siku tatu," alisema hatimaye, "ndizo linazojifunzia."

"Eeh?"

"Koti halitetemeki, wifi. Linakariri. Anayetetemeka ni yeye." Alikaa chini. "Mjomba wetu Anyelwisye alianza hivihivi. Akishika jembe katulia. Akikaa barazani, kidole kinafikicha. Tulimtania anahesabu madeni. Mwaka wa pili hakuweza kufunga vifungo vya shati."

Subilaga alihisi aibu imempanda usoni, aibu ya mtu aliyefungua mlango na kumkuta mwenzake anaoga. Alikuwa ameuvaa mwili wa mzee wa watu. Hakuna aliyemruhusu.

*

Umeme uliporudi, Gulioni, soko la mtandaoni alilouzia, lilikuwa linamsubiri. Gulioni mashauri yote yaliamuliwa na Mwamuzi, mashine isiyo na sura lakini yenye sauti ya mama mpole ambaye hata ukimtukana atakuuliza kama umekula.

"Habari, Subilaga. Mzigo umekufikia saa nne asubuhi. Tafadhali chagua. Koti ni bovu, au koti ni zima."

"Nisipochagua?"

"Usipochagua mpaka kesho saa nne asubuhi, nitachukulia kwamba umekubali. Cheti cha ubovu kitatolewa kwa mteja. Hutatozwa chochote."

"Na nikitaka kumweleza mteja jambo?"

"Andika, nitamfikishia."

Aliandika: *Baba, nakuomba uende hospitali ukapime mkono.* Maneno yalifutika mbele ya macho yake, moja baada ya jingine, kuanzia mwisho.

"Samahani, Subilaga. Ujumbe huu unagusa mwili wa mteja."

Aliandika kwa kuzunguka: *Baba, koti halina shida, angalia kwingine.* Ukafutika. Akaandika *Mungu akujalie afya njema*, na huo nao ukafutika, akaachwa anacheka kwa hasira peke yake.

"Bonyeza bovu," alisema Tusekile. "Mzee anafurahi, hatulipi kitu, tunaendelea na maisha. Sisi tunauza nguo, hatuuzi majibu ya hospitali."

"Halafu ataishi akidhani ni koti."

"Mwili wake. Si ndivyo kanuni inavyosema? Si wewe uliyelia na dada yako?"

Kweli, ndiye. Hapo ndipo alipokwama. Lakini jambo moja lilimkereketa na hakuweza kulimeza: cheti. Mtu anayeamini kweli kwamba koti ni bovu anataka hela yake. Anayetaka karatasi yenye muhuri anataka kumwonesha mtu. Nani?

Alichukua ule mfuko wa salfeti, akasoma namba ya maki peni, akapiga kwa simu yake mwenyewe, nje ya Gulioni, si kwa laini ya soko waliyozoea kuongelea. Hilo peke yake lilitosha kumfungia biashara. Tusekile alitoka nje, akasema hataki kuwa shahidi.

"Shikamoo baba. Ni Subilaga wa makoti."

"Marahaba mwanangu. Umeandika?"

"Bado. Baba, cheti ni cha nani?"

Kuku walisikika upande wa mzee.

"Cha mkuu wa shule," alisema. "Mimi ni dereva wa basi la wanafunzi huku. Siku moja nasubiri watoto getini, injini inaunguruma, mimi nimekaa tu, matroni wa basi akaona mkono unacheza. Akapeleka maneno. Mimi nikasema ni koti. Mkuu kaniita, kaniambia, Mzee Tweve, Jumatatu shule zinafungua, hupati funguo mpaka ulete karatasi. Ama ya koti, ama ya hospitali."

"Na hospitali ulienda?"

"Nitaenda Desemba. Likizo ndefu."

"Sasa hivi si likizo, baba?"

"Nina shamba la viazi linaningoja, mwanangu!" Alikasirika, kisha akajirudi. "Nimeendesha miaka thelathini na moja. Walileta mabasi yanayojiendesha, yakakutana na ukungu wa huku, yakasimama katikati ya kona yakipiga honi kuomba msaada, na watoto ndani wanalia. Nani aliwatoa? Mimi. Njia ile naijua kwa matako, nikikaa tu kitini najua tumefika wapi. Halafu sikiliza. Nikishika usukani, mkono unatulia. Unatulia kabisa."

Subilaga alijua kuwa hasemi uongo, kwa kuwa na yeye alishika kikombe na mkono ukatulia. Hapo akachanganyikiwa upya. Labda mzee anaweza kuendesha mwaka mzima, miaka miwili, bila shida. Labda anaweza Jumatatu tu. Yeye ni nani wa kujua? Alichokijua ni karanga, sufuria, na kidole cha shahada.

"Basi linabeba watoto wangapi?"

"Arobaini na wawili. Mjukuu wangu Tumwene yumo. Kiti cha nyuma yangu."

"Baba." Subilaga alilitazama koti pale msumarini. "Umeme ulikatika. Nililivaa kabla ya mvuke."

Kule upande wa pili mlango ulifungwa.

"Kwa hiyo umenivaa," alisema Mzee Tweve.

"Nisamehe, baba. Sikukusudia."

"Nani alikuruhusu? Eeh? Mke wangu mwenyewe sijamwambia. Analala upande wa kushoto, hajui. Wewe mtu wa Mbeya, muuza makoti, unanijua kuliko mke wangu?"

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alitamani aseme sawa, baba, naandika bovu, nisamehe, na mambo yaishe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kila alipotaka kuyatoa alikiona kiti cha nyuma ya dereva.

"Kesho saa nne nitaandika koti ni zima," alisema. "Sitaandika zaidi ya hapo. Sitamwambia mtu kitu kingine chochote, hata nikiulizwa mahakamani. Nimekupigia ili usije ukalisikia kwa mashine. Una leo nzima, baba. Mwambie mama. Mwambie mkuu wewe mwenyewe, kabla yangu."

"Una roho mbaya," alisema mzee, polepole, akakata simu.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi Subilaga alikuwa amekaa mbele ya kioo, hajanywa chai. Vitufe viwili vilikuwa mbele yake, vyote vya kijani, vyote vya ukubwa mmoja. Tusekile alikuja akakaa karibu naye, bega kwa bega, bila sindano wala shati.

"Bado unaweza kunyamaza," alisema. "Kunyamaza si kudanganya."

"Nikinyamaza cheti kinatoka."

"Kitatoka kwa mkono wa mashine. Si wako."

Subilaga alilifikiria hilo kwa dakika nyingi, na kwa sehemu ya dakika hizo alikubaliana nalo. Alifikiria dada yake aliyefungashwa virago kwa sababu ya sweta. Sasa yeye anafanya jambo lilelile kwa mzee wa watu? Au ni tofauti? Alitafuta tofauti, akaipata, ikampotea, akaitafuta tena. Waajiri wale walijua wakamficha mwenye mwili. Yeye amemwambia mwenye mwili mwenyewe. Kama hiyo haitoshi kuwa tofauti, hakuwa na nyingine. Saa tatu na dakika hamsini alisema bismillahi, japo alikuwa Mmoraviani na hakujua neno hilo limetoka wapi, akabonyeza *koti ni zima*.

"Samahani, Subilaga," alisema Mwamuzi. "Shauri hili limeshafungwa."

"Limefungwaje? Saa nne haijafika! Nimechagua, hujaona? Nimechagua zima!"

"Mteja ameondoa ombi lake dakika kumi zilizopita. Sababu aliyoandika: koti ni zima."

Walitazamana na wifi yake. Subilaga alisoma maneno yale kwenye kioo mara tatu, hajui afurahi au aangue kilio. Simu yake ikaita akiwa bado anasoma.

"Shikamoo baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimetoka kwa mkuu wa shule," alisema Mzee Tweve. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu yake na alihema, yuko njiani. "Mke wangu yuko hapa pembeni, kaniongoza kama mtoto anayepelekwa sindano. Nimesema yote. Hawajanipa funguo."

"Pole sana, baba. Pole. Mimi..."

"Pole ya nini? Nirudishie koti langu. Kuanzia Jumatatu natembea kwa miguu, na huku ni baridi."